Shajara ya Mradi: Ukurasa Mmoja wa Kitabu cha Saa, Kuanzia Ngozi Mbichi

Tarehe 2 Februari

Leo nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa miaka miwili, nayo ni kutengeneza ukurasa mmoja wa kitabu cha sala kwa njia walizotumia mafundi wa Ufaransa na Flanders katika karne ya 15. Sitengenezi kitabu kizima, kwa kuwa kitabu kimoja cha aina hiyo kiliweza kumaliza ngozi za kundi zima la wanyama na miezi mingi ya watu kadhaa.

Vitabu hivyo huitwa vitabu vya Saa, kwa sababu vilikusanya sala ambazo muumini wa kawaida, asiye mtawa wala padri, alizisali katika vipindi vinane vya siku kwa heshima ya Bikira Maria, tangu kipindi cha alfajiri hadi kile cha kabla ya kulala. Anayesali leo Masifu ya Asubuhi na Masifu ya Jioni ataukuta humo mpangilio anaoufahamu. Kwenye kurasa za mbele kuna kalenda ya watakatifu, ambamo sikukuu kubwa zimeandikwa kwa wino mwekundu. Baada yake huja sala za vipindi, zaburi za toba, litania na sala za kuwaombea marehemu. Hakuna aina nyingine ya kitabu cha mkono cha Ulaya ya enzi za kati iliyosalia kwa wingi kama hii.

Nimezitazama picha za vitabu hivi kwa miaka mingi, na kila mara jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye rangi. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotambua kwamba mchoraji alikuwa fundi wa mwisho kuketi mbele ya ukurasa, na kwamba karibu kila alichokifanya kilikuwa kimekwisha kuamuliwa na mtengeneza ngozi, mchora mistari na mwandishi. Nataka kuliona jambo hilo kwa mikono yangu mwenyewe, na ndiyo maana sinunui ngozi iliyokwisha kutayarishwa.

Nimechagua ukurasa unaofungua kipindi cha alfajiri, unaoanza na maneno "Domine labia mea aperies", yaani "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu", kutoka Zaburi ya 51. Herufi D ya mwanzo itakuwa na kimo cha mistari minne, ya bluu juu ya dhahabu.

Tarehe 4 Februari

Nimepata ngozi mbili za mbuzi hapa Lushoto, zimechunwa leo hiihii, na nimezisuuza mtoni mpaka maji yakawa meupe. Kaskazini mwa Ulaya walipendelea ngozi ya ndama na ya kondoo, lakini Italia walitumia sana ngozi ya mbuzi, kwa hiyo sijitengi na desturi yao. Agizo moja la enzi hizo linataka ngozi za mbuzi zikae katika maji ya chokaa siku 8, na muda huo uongezwe mara mbili wakati wa baridi. Chokaa hulegeza shina la unywele bila kuipika ngozi, na hapo ndipo ngozi ya kuandikia inapoachana na ngozi ya viatu, ambayo hutiwa dawa za magome ili iwe laini na isioze. Ngozi ya kuandikia haitiwi dawa hizo hata kidogo. Kinachoigeuza ni kukaushwa ikiwa imevutwa.

Tarehe 14 Februari

Siku ya kumi. Manyoya yametoka kwa kusukumwa na ubapa wa ubao, kama ukoko wa wali uliolowekwa. Nilimwendea mzee mmoja jirani, fundi wa ngoma, kumwomba anisaidie kuiwamba ngozi, na aliposikia kwamba nataka kuiandikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ngoma inataka ngozi ilie, wewe wataka inyamaze. Basi tutaivuta sawasawa, lakini utaipara zaidi yangu."

Mafundi wa Ulaya hawakutoboa ngozi pembeni, kwa sababu tundu hupasuka ngozi inapojikaza. Walikunja ukingo wa ngozi juu ya kijiwe cha mviringo, wakafunga kamba nyuma ya kijiwe hicho, na kamba ikaenda kwenye kigingi cha fremu kinachozungushwa. Tumefanya hivyo kwa vijiwe 22 vya mtoni. Kila ngozi ilipolegea tulizungusha vigingi, kisha tukapara kwa kisu chenye ubapa wa mwezi mwandamo. Umbo hilo lina sababu yake, kwa kuwa kisu chenye pembe kingechimba na kutoboa ngozi iliyokazwa. Mzee alinionyesha kusikiliza: penye unene, kisu hukwaruza kwa sauti nzito, penye wembamba, sauti hupanda, na hapo mkono unapaswa kuondoka.

Tarehe 17 Februari

Ngozi ya kwanza imeharibika. Niliifungua kamba za upande mmoja kabla haijakauka, kwa kuogopa mvua, na kufikia jioni upande huo ulikuwa umejikunja na kuwa mgumu na wa kung'aa kama ukucha. Nimeelewa sasa kinachotokea: nyuzi za ngozi zinapokauka chini ya mvuto hulala kwa tabaka, bapa, na hewa huingia katikati yake, ndipo weupe unapotokea. Zikilegezwa zingali mbichi hushikana kama gundi, na mwanga hupita katikati.

Ya pili ni nzuri. Nimeisugua kwa jiwe jepesi la volkano lenye matundu, lile la kusugulia visigino, kisha kwa unga wa chaki. Upande wa nyama umetoka mweupe na laini. Upande wa manyoya una rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, na vinukta vya mashina ya nywele vinaonekana ukiinamisha kichwa. Waliokunja ngozi hizi kuwa kitabu walihakikisha kwamba kitabu kikifunguliwa, upande wa manyoya unatazamana na wa manyoya, na wa nyama na wa nyama, ili kurasa mbili zinazotazamana zifanane rangi.

Tarehe 9 Machi

Mistari. Nimekata kipande cha sentimita 17 kwa 12, nikatoboa vitundu vidogo pembeni kwa sindano, na kuunganisha vitundu hivyo kwa wino mwekundu uliozimuliwa. Mistari ni 15. Kazi hii imechukua asubuhi moja, na sina mengi ya kuisemea isipokuwa kwamba upana wa pambizo umenishangaza: maandishi yanachukua chini ya nusu ya ngozi niliyoihangaikia majuma matatu. Mwenye kitabu aliulipia utupu huo, na ndiko majani na maua yalikochorwa baadaye.

Tarehe 15 Machi

Wino. Wino wao wa kawaida ulitokana na vinundu vinavyoota juu ya mti wa mwaloni pale nyigu mdogo anapotaga yai ndani ya chipukizi. Vinundu hivyo vimejaa tanini, ile dawa kali iliyomo pia katika magome ya kulainishia ngozi za viatu, na mwaloni hauoti huku, kwa hiyo nimeviagiza. Nimeponda gramu 60, nikaloweka siku sita katika nusu lita ya maji ya mvua, nikachuja, kisha nikatia gramu 40 za salfeti ya chuma. Atakayejaribu asiichanganye na mrututu, ambao ni chumvi ya shaba na utampa matokeo mengine kabisa. Mwisho nimetia gundi ya mgunga, inayoufanya wino ushike kwenye kalamu na usitiririke.

Nilipoandika herufi ya kwanza ilikuwa na rangi ya kijivu ya maji ya kuoshea masufuria, na nikadhani nimekosea vipimo. Baada ya dakika chache ilianza kuiva. Asubuhi ya pili ilikuwa nyeusi ya makaa, kwa sababu chuma kilikuwa kimekutana na hewa. Mwandishi wa karne ya 15 alikuwa akiandika kwa wino ambao weusi wake kamili aliuona kesho yake.

Tarehe 22 Machi

Kalamu ni unyoya wa bata bukini, na kwa anayeandika kwa mkono wa kulia unyoya wa bawa la kushoto ndio unaopinda vizuri nje ya jicho. Nimeuchovya kwenye mchanga wa moto ili uwe mgumu, nikaupasua ufa na kuukata ncha. Vile virembo vyote vilivyobaki juu ya shina katika michoro ya watu wa leo havimo katika picha za waandishi wa enzi hizo; wao waliyakwangua manyoya karibu yote, kwani humsumbua mwandishi.

Katika picha hizohizo mwandishi ana kalamu mkononi mwa kulia na kisu mkononi mwa kushoto. Nilidhani kisu ni cha kuchongea kalamu tu. Leo, baada ya saa moja ya kuandika, nimejikuta nikikitumia kushikiza ngozi, kwa sababu ngozi hainyooki kabisa mahali pamoja, na mafuta ya vidole huifanya iukatae wino.

Tarehe 5 Aprili

Nimeandika ukurasa, na nimekosea kosa ambalo waandishi wa zamani walilikosea mara nyingi.

Mwandiko wa vitabu hivi umejengwa kwa vijiti vilivyosimama. Herufi i ni kijiti kimoja, u na n ni viwili viwili, m ni vitatu, na v katikati ya neno huandikwa kama u. Chukua neno "adiuvandum": kati ya d na a vinasimama vijiti vitano vinavyofuatana, vyote sawa kwa urefu na unene, na mwishoni mwa neno vingine vitano. Anayenakili hasomi neno, anahesabu vijiti. Sasa, ukurasa wangu una mstari "Deus in adiutorium meum intende", na baada yake "Domine ad adiuvandum me festina", ndiyo sala ambayo kwa Kiswahili tunaisali tukiomba Mungu atuelekezee msaada na kutusaidia hima. Niliandika "Deus in adiu", nikainua macho kuchovya kalamu, na jicho liliporudi kwenye nakala likatua kwenye "adiu" ya pili. Nikaendelea kwa utulivu kabisa: "vandum me festina". Nusu ya sala ilikuwa imepotea, na mwandiko wa mahali hapo ndio mzuri kuliko wote ukurasani.

Tarehe 6 Aprili

Nimelala na wino umeiva, kwa hiyo kufuta kumekuwa kugumu zaidi ya vile ambavyo kungekuwa jana. Wino juu ya ngozi haulowi ndani kama kwenye karatasi; hukaa juu na kuuma kidogo tu. Nimelaza makali ya kisu karibu bapa na kukwangua kuelekea upande mmoja, na unga uliotoka ulikuwa wa kahawia, mwepesi mno hata pumzi ya pua iliupeperusha. Ilinichukua saa mbili na nusu kuondoa herufi chache. Baada ya hapo nyuzi za ngozi zilikuwa zimesimama kama sufi, na wino ungesambaa humo, hivyo nimesugua kwa jiwe la volkano, kisha kwa mfupa laini, mpaka zikalala. Ukishika ukurasa dhidi ya dirisha utaona mahali hapo pamekuwa pembamba. Makovu ya namna hii yamo katika vitabu vya watu wakuu kabisa, na sioni sababu ya kulionea haya la kwangu.

Tarehe 18 Mei

Mvua za masika zimenisimamisha, na wakati huo nimekuwa nikiitafuta bluu.

Bluu ya thamani kuliko zote ilitokana na jiwe la lapisi lazuli kutoka milima ya Badakhshan, katika Afghanistan ya leo, na kwa kuwa lilifika Ulaya kwa safari ndefu, rangi yake iliitwa ultramarini, yaani ya ng'ambo ya bahari. Nilinunua kipande kidogo, nikakiponda na kukisaga kwa siku mbili, nikitumaini kuona bluu ya kanisani. Nilipata unga wa kijivu. Jiwe lina chembe nyeupe za kalisaiti ndani yake, na zikisagwa pamoja zinaufunika ubluu wote.

Fundi wa Kiitalia Cennino Cennini, aliyeandika maelekezo ya kazi hizi karibu na mwaka 1400, anaeleza dawa yake. Unga huchanganywa na nta, utomvu wa msonobari na mastiki, ambayo ni aina nyingine ya utomvu, kuwa donge kama la unga wa chapati, donge hilo hukaa siku tatu na usiku wake kwa uchache, kisha hukandwa ndani ya maji ya majivu. Nimefanya hivyo kwa vijiti viwili, kama yeye anavyoagiza. Kwa muda wa robo saa hakuna kilichotoka. Kisha uzi mmoja wa bluu ukatoka ubavuni mwa donge na kuteremka polepole hadi chini ya bakuli, ukafuatwa na mwingine, na mwishowe maji yote yakageuka. Nta inazishikilia chembe nyeupe na kuiachia bluu. Mkando wa kwanza hutoa bluu iliyokolea. Wa mwisho hutoa majivu ya samawati hafifu. Nimepata kijiko kidogo cha chai kisichojaa.

Nikiwa na bakuli hilo mkononi nimemkumbuka mwanamke wa Dalheim, Ujerumani. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba katika ukoga uliogandamana kwenye meno yake walikuta chembe za lapisi lazuli. Alizikwa karibu na nyumba ya watawa wa kike, alifariki kati ya mwaka 1000 na 1200, na maelezo waliyoyapa uzito zaidi ni kwamba alikuwa akichora na kuilamba ncha ya brashi. Hakuna kitabu kilichobaki chenye jina lake, bali kazi yake imebaki mdomoni mwake.

Tarehe 14 Juni

Dhahabu hutangulia rangi zote. Sababu ni mbili: dhahabu hunata juu ya kitu chochote chenye unyevu au gundi, na inaposuguliwa ili ing'ae ingeichuna rangi iliyo jirani. Chini yake huwekwa tuta dogo la plasta ya jasi, sukari, gundi na udongo mwekundu kidogo. Mafundi wa zamani walitia pia risasi nyeupe, ambayo ni sumu, nami nimeiacha. Sukari ndiyo siri, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa.

Tuta langu la kwanza lilipasuka lilipokauka, kwa sababu gundi ilizidi. La pili lilishika, lakini dhahabu haikukubali kabisa, na baada ya siku chache mabaki yake yakaanza kupauka: muuzaji mmoja alikuwa ameniuzia shaba iliyofuliwa kwa bei ya dhahabu. Nimeagiza nyingine kwingine.

Tarehe 2 Julai

Leo dhahabu imekubali.

Niliamka kabla ya jua, wakati ukungu wa Usambara ungali mlangoni, maana tuta kavu la mchana halinati. Nilikunja karatasi kuwa mrija, nikaweka ncha yake juu ya herufi D, na kuvuta pumzi kutoka tumboni. Kupuliza hakufai, kwa sababu hewa ya kupuliza ni baridi na kavu. Inatakiwa ile pumzi ya kupashia viganja joto. Baada ya pumzi tano plasta ilipoteza ukavu wake na kuwa na mng'ao wa ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Hapo kuna muda wa kuhesabu hadi tatu. Nililaza dhahabu, nikaibana kwa kitambaa cha hariri, nikaongeza tabaka la pili, nikasubiri, kisha nikaisugua kwa jiwe la akiki, polepole kwanza, halafu kwa nguvu. Cennini anasema jino la mbwa pia linafaa. Dhahabu iliacha kuwa ya manjano na kuwa nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kama kioo, na nilipoiinua karatasi ya ngozi karibu na kibatari mwanga ulitembea juu ya tuta.

Vitabu hivi kwa lugha za Ulaya huitwa vilivyotiwa nuru, na nilikuwa nikilichukulia neno hilo kama sifa tu. Picha za chapa haziwezi kuionyesha nuru hii, kwa kuwa haikai mahali pamoja. Inahama kila msomaji anapohema na kila mshumaa unapotikisika.

Tarehe 20 Julai

Rangi zimechukua siku nne tu. Bluu nimeichanganya na gundi ya mgunga. Nyekundu ni zingefuri, inayotokana na zebaki na kiberiti, nimeinunua ikiwa tayari na kuishika kwa tahadhari. Kijani ni kutu ya shaba. Ute wa yai uliopigwa na kuachwa utulie umenisaidia kwenye majani. Kwanza nilipaka rangi bapa, kisha vivuli, kisha mistari myeupe myembamba kama unywele ndani ya bluu, na mwisho kabisa mstari mweusi unaozunguka dhahabu.

Katika siku hizo nne nimekuwa nikiutazama kwenye picha ukurasa wa Septemba wa kitabu maarufu cha Saa cha mtawala wa Berry, kilichohifadhiwa Chantilly, Ufaransa. Wachoraji watatu, ndugu wa Limbourg, walikianza karibu na mwaka 1412, na mwaka 1416 walifariki wote watatu, pamoja na mwenye kitabu, kurasa nyingi zikiwa hazijakamilika. Mchoraji mwingine, Jean Colombe, alikabidhiwa kitabu hicho katika miaka ya 1480. Kwenye Septemba, ngome ya Saumur iko juu na wachuma zabibu wako chini, na wataalamu huwahesabu wachumaji hao kuwa kazi ya Colombe. Aliketi mbele ya ngozi iliyokwisha kuparwa, na picha ambayo wengine walikuwa wameianza miaka mingi kabla, akapaka pale tu palipobaki. Zamani ningesema alikuwa na bahati ya kupewa kitabu kile. Sasa nafikiria zaidi jinsi mkono wake ulivyolazimika kufuata.

Tarehe 26 Julai

Herufi imekamilika. Bluu ina kasoro chini kushoto, ambapo niliipaka nzito na imeanza kupasuka, nami nitaiacha ilivyo. Lile kovu la kosa limekaa mistari michache chini ya D, na likiguswa kwa kidole linahisika kuliko linavyoonekana.

Nimeugeuza ukurasa. Upande wa manyoya una rangi yake ya chai ya maziwa, mistari 15 imekwisha kuchorwa, na vitundu vya sindano vinapita pande zote mbili, kwa hiyo havikuhitaji kupimwa tena. Baada ya mwaliko mfupi wa Salamu Maria, hapo ndipo inapoanzia zaburi ya "Venite". Wino uliobaki nimeujaribu leo kwenye kipande cha ngozi iliyoharibika: bado unaanza kijivu, na nimeuacha dirishani hadi kesho.